Msaidizi wa Mama

3 Februari

Dada,

Naanza na salamu usije ukasema sina adabu. Sisi wazima. Chumba cha darasa kinavuja upande mmoja tu, na kati ya zile kompyuta sita tulizopewa na maktaba zinazofanya kazi ni tano. Ya sita ni pambo, watoto wanaifuta vumbi kwa zamu.

Uliniuliza nawafundisha nini hasa. Najua uliuliza ili karatasi ijae, lakini nitakujibu. Hawaandiki yale maandishi ya kutisha unayoyaona kwenye sinema. Kwenye skrini kuna vipande vya rangi, kila kipande kina amri moja: tembea, sema, subiri, rudia. Mtoto anavivuta kwa kipanya, anavipachika kimoja chini ya kingine, na katuni inafanya alichoiagiza. Mtoto wa miaka saba anaiweza kazi hiyo. Kinachonitoa jasho ni kuwafundisha wasitengeneze kitu cha kujifurahisha wenyewe tu.

Kwa hiyo muhula huu nimewapa kanuni. Chagua mtu mmoja. Mchunguze siku saba bila kumwuliza chochote. Andika kinachomsumbua, kisha mtengenezee kitu cha kumpunguzia shida. Siku ya kujaribisha, mtu wako akikaa mbele ya skrini, wewe mbunifu unafunga mdomo. Humsaidii, humweleweshi, hujitetei. Unaandika unachokiona, basi.

Mmoja kamchagua babu yake anayepoteza miwani kila siku. Mwingine kamchagua mlinzi wa shule. Chiriku, binti yako, amekuchagua wewe. Nikamwambia, mtu aliye mbali utamchunguzaje? Akasema, "Nina simu zake za Jumanne na nina barua zake."

Sasa jambo lenyewe. Ulisema mwezi wa nne shule zikifungwa unakuja kumchukua. Ulipoondoka alikuwa na miaka minne, sasa ana kumi. Nahitaji kujua kama ni kweli, maana uhamisho wa shule hauombwi siku moja. Nijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana. Usinizungushe.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu. Hujabadilika, ulimi wako bado ni wembe. Nimefurahi mno kusikia mwanangu amenichagua mimi. Nilimwonyesha barua rafiki yangu mshonaji, huyu ambaye barua zako zinapitia kwake, machozi yakamtoka.

Kuhusu mwezi wa nne, mdogo wangu, nimejaribu kila njia. Yule bibi ninayemtunza hali yake imekuwa mbaya tena, hawezi hata kugeuka kitandani bila mimi. Nimeomba ruhusa, imekataliwa. Mwambie mwanangu asivunjike moyo. Mwezi wa nane nakuja, naapa, mwezi wa nane haupiti. Mwambie hakuna siku inayopita bila kumwaza.

Usinihukumu. Ninajua unajiona wewe ndiye unayebeba mzigo wote, lakini uchungu wa mzazi aliye mbali na mwanawe huujui, na sikulaumu, utaujulia wapi?

Na tafadhali usinipigie simu jioni. Nitapiga mimi, Jumanne, kama kawaida.

Dada yako akupendaye


8 Machi

Dada,

Barua yako ilifika Jumatano. Nataka uikumbuke siku hiyo, Jumatano.

Chiriku hakulia. Nilimsomea yote, hata pale pa uchungu wa mzazi, akasikiliza huku amekunja mikono kama mkaguzi. Nilipomaliza akasema, "Mama mdogo, njoo uone," akanipeleka kwenye kompyuta.

Ameiita Msaidizi wa Mama. Kwenye skrini kuna mwanamke amefunga kitambaa kichwani, amesimama kwenye ngazi. Nikamwuliza kwa nini ngazi, akasema ukipiga simu sauti yako inajirudia kama mtu aliye kwenye ngazi za ghorofa, na huwa unanong'ona. Chini yake kuna kitufe kikubwa cha kijani. Nyuma ya kitufe kuna orodha tatu. Ya kwanza ni anayeumwa, ya pili ni anayekataa, ya tatu ni mwezi. Amezijaza kutoka kwenye barua zako arobaini na moja, hakuongeza neno lake hata moja. Ukibonyeza, kompyuta inachota neno moja kutoka kila orodha kwa kubahatisha, na yule mwanamke anasema.

Nikabonyeza. Akasema: "Mwanangu, mwezi huu siwezi kuja kwa sababu bibi hali yake imekuwa mbaya tena. Nimeomba ruhusa, imekataliwa. Nakuja mwezi wa nane."

Dada, hiyo programu aliimaliza Jumatatu.

Nilimwuliza kwenye daftari lake la uchunguzi ameandika shida ya mtu wake ni ipi. Nakunakilia kama ilivyo: "Mama anapata tabu kutafuta sababu. Anarudia za zamani na anachoka. Akiwa na msaidizi atabonyeza tu, atapumzika." Hakuandika kwa kejeli. Ana hakika amekusaidia, na anangoja umwambie kama inakufaa.

Wenzake walipanga foleni kubonyeza. Walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye kiti. Sikuwakataza, kwa sababu kazi ni nzuri. Ni kazi bora kuliko zote nilizopata tangu nianze kufundisha, na nimempa alama zote.

Barua aliniomba, nikampa. Mtafiti hanyimwi karatasi.

Mdogo wako


25 Machi

Wewe,

Sina salamu. Umemfundisha mwanangu kunicheka, kisha unampa alama. Umekaa na watoto wa watu unawasomea barua zangu, siri zangu, machozi yangu, wanaanguka kwenye viti. Moyo gani huo?

Nakuambia ukweli ambao ndugu wote wanauogopa. Mumeo hakuondoka kwa sababu huzai. Aliondoka kwa sababu ukikaa na mtu siku mbili unaanza kumsahihisha kama daftari. Ukabaki na nyumba tupu, mimi nikakupa mtoto, na badala ya kushukuru unamgeuza awe silaha. Mimi ndiye niliyemzaa. Hilo hakuna kompyuta itakayolibadilisha.

Ifute hiyo takataka. Leo. Na mwambie mama yake amesema haifai.

Dada yako, upende usipende


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mama mdogo ameniambia hukupenda Msaidizi. Usijali, sijakasirika. Darasani tunafundishwa kwamba mtumiaji asipopenda kitu, kosa si lake, ni la mbunifu, na mbunifu anatakiwa aulize maswali halafu arekebishe. Naomba unijibu haya:

Je, sababu nilizoweka ni chache? Ninaweza kuongeza.

Je, umechoka na ile ya bibi? Nimehesabu, ameumwa mara kumi na saba. Nilitaka kumtoa lakini ni yeye uliyemtumia zaidi, kwa hiyo nikadhani unampenda.

Je, nikuwekee sehemu ya kuandika sababu yako mwenyewe?

Na swali la mwisho. Ukipiga simu nimesikia mtoto analia, mara tatu. Ya kwanza na ya pili ulisema ni wa jirani. Ya tatu alikuita mama, ukakata. Sikumwingiza kwenye orodha kwa sababu hujawahi kumwandika kwenye barua. Je, nimwingize?

Nina meno mapya mawili. Moja limeota upande.

Mwanao, Chiriku


2 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua ya mtoto siku kumi. Naomba unisamehe yale niliyoyaandika kuhusu mumeo. Hasira ilinitoa akili.

Nitakuambia yote, kisha uniue ukitaka. Nimeolewa. Mwaka wa nne huu. Nina mtoto wa kiume, ana miaka mitatu. Yule bibi alifariki zamani, kabla sijaolewa, Mungu amrehemu, nami nimemwacha kitandani miaka yote hiyo kwa sababu yenu.

Mume wangu ni dereva wa malori, mtu mwema, mcheshi, lakini ana msimamo wake. Tulipokuwa bado hatujaoana aliiona picha ya Chiriku kwenye mkoba wangu, akauliza, "Huyu nani?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe. Nikasema ni mtoto wako wewe, mdogo wangu. Nilidhani nitasahihisha kesho. Kesho ikawa wiki, tukaoana, mimba ikaja. Sasa nitaanzia wapi? Siku hizi mwenyewe ananiuliza, "Yule mpwa wako wa kwenye picha hajambo?" Nami nasema hajambo.

Amepata likizo mwezi wa nane na anataka kuja kuwaona ndugu zangu. Nimekataa mara mbili, anaanza kuvunjika moyo, anauliza kama namwonea aibu. Mdogo wangu, nakuja. Safari hii ni kweli, tiketi ninazo. Ila nitakuja naye.

Nakuomba kitu kimoja, na nikipiga magoti hapa hunioni. Kwa siku tatu Chiriku akuite mama, na mimi aniite mama mkubwa. Siku tatu tu. Nikirudi nitamweleza mume wangu taratibu, akiwa ameshamwona mtoto na kumpenda. Kisha tutamchukua. Ukikataa, ndoa yangu imekwisha, na mtoto wangu mdogo atakua bila baba. Usinijibu kwa hasira.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Nimekaa miaka sita nikitamani aniite mama. Kila akiamka na homa nilitamani. Hukujua, sikukuambia, na hata yeye sikumwambia, kwa sababu nilijiheshimu. Leo wewe unaniazima hilo neno kwa siku tatu, kama mtu anayemwazima jirani ufagio, na nilirudishe likiwa safi.

Nakubali.

Usishangae. Nakubali kwa masharti mawili. La kwanza, mtoto umwambie wewe. Mimi sitamwambia mtoto wa mtu kwamba mama yake amemkana. Chukua kalamu, mwandikie.

La pili, tarehe kumi na sita mwezi wa nane tuna maonyesho ya kazi za watoto hapa maktaba. Wazazi na wageni wanajaribu kila kazi, na watoto wanakaa kimya pembeni na madaftari yao, kama kanuni inavyosema. Mtakuja, wewe na mumeo, na mtajaribu. Chiriku ataonyesha kazi atakayoichagua mwenyewe. Sitamchagulia wala sitamkataza.

Mdogo wako


6 Juni

Mwanangu mzuri, ua la moyo wangu,

Mama yako ana furaha kubwa. Mwezi wa nane nakuja! Umeona? Nilikuambia.

Sasa, kwa kuwa wewe ni mtoto mwenye akili na unapenda michezo, nataka tucheze mchezo mimi na wewe na mama yako mdogo. Nitakuja na mjomba mmoja mzuri sana. Kwa siku tatu, mbele yake, utamwita mama mdogo "mama" tu, na mimi utaniita "mama mkubwa". Atakayesahau ameshindwa. Najua utanishinda, una kichwa kuliko mimi.

Kwa nini tunacheza, nitakueleza ukiwa mkubwa. Kuna mambo ya watu wazima ni kama yale mafumbo yenu ya kompyuta, yana hatua, ukiruka moja yote yanaharibika.

Ukicheza vizuri, mwisho wa mchezo kuna zawadi kubwa. Zawadi yenyewe ni kuja kukaa na mimi.

Nitakuletea gauni. Usimwambie mtu yeyote habari za mchezo wetu.

Mama yako akupendaye kuliko vyote


17 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimeelewa. Nimeandika kanuni za mchezo kwenye daftari ili nisikosee.

Nina swali moja tu. Mchezo unaishaje? Kila mchezo tunaotengeneza darasani lazima uwe na kipande kinachousimamisha, la sivyo unaendelea tu hata watu wakiondoka. Kwenye barua yako sikukiona.

Mwanao mpaka mwezi wa nane, Chiriku


29 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Tumefika salama. Mtoto wangu mdogo alitapika njia nzima, lakini sasa mzima. Nashindwa kukushukuru. Nilipanda gari la kuja kwenu na moyo mzito, nikarudi mwepesi. Mume wangu amewapenda. Anasema wewe ni mkali lakini una moyo, na kwamba binti yako, maneno yake hayo, ana adabu kuliko watoto wote aliowahi kuwaona.

Ila nina malalamiko madogo. Kile kimashine cha mwanamke wa kwenye ngazi nilikuambia kifutwe. Ninyi mkakiweka meza ya kwanza, mlangoni kabisa! Namshukuru Mungu mume wangu hakuelewa kitu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa limekuwa neno la nyumbani. Nikichelewesha chai ananiambia, "Bonyeza kitufe mama, tusikie leo nani anaumwa." Kijana wetu mdogo naye anaiga. Nacheka nao. Nitafanyaje?

Na lingine ni Chiriku mwenyewe. Huyu ni Chiriku gani asiyeongea? Siku tatu hakukosea hata mara moja, "mama mkubwa" hivi, "mama mkubwa" vile. Nilijaribu kumshika peke yake jikoni nimbusu, akanipa mkono. Wakati tunaondoka nilitegemea angalau machozi. Alisimama tu na daftari lake. Umemfundisha nini?

Kuhusu lile jambo letu. Nilikusudia kumwambia mume wangu tukifika tu, lakini amerudi na mgongo unamuuma vibaya, na kazini wamemkatalia mapumziko ya matibabu. Huu si wakati wa kumpa mtu mshtuko. Mwezi wa kumi na mbili atakuwa ametulia. Mwezi wa kumi na mbili bila kukosa.

Je, gauni lilimtosha?

Dada yako akupendaye


12 Septemba

Dada,

Soma tena barua yako. Anayeumwa, anayekataa, mwezi. Hata orodha hukuibadilisha mpangilio.

Nilitaka kukuandikia matusi, na nilikuwa nayo mengi. Lakini nimeshindwa, kwa sababu nina deni la ukweli mimi mwenyewe, na ni zito kuliko matusi.

Nilikuambia mwezi wa pili kwamba Chiriku alikuchagua wewe. Si kweli. Alimchagua fundi viatu wa hapa kona. Alikuwa ameshaanza kumchunguza, ameandika kurasa mbili kuhusu jinsi anavyochanganya viatu vya wateja. Mimi ndiye niliyemwita pembeni nikamwambia, "Kwa nini usimchague mama yako?" Akasema hana cha kuchunguza. Hakuniomba barua. Nilifungua kabati nikazitoa zote arobaini na moja, nikamwekea mezani, nikamwambia, "Hizi hapa, tafuta kinachojirudia." Nilijua kinachojirudia ni nini. Nilijua ataona. Nilitaka aone, ili siku ukimwita asije.

Na ile meza ya mlangoni niliisogeza mimi. Yeye alikuwa ameiweka kona, nyuma ya pazia.

Nilitarajia nini? Nitakuambia, maana hata aibu imeniishia. Nilitarajia zile siku tatu zikiisha atasahau kurudi kwenye "mama mdogo". Aliniita mama vizuri mno dada, kwa sauti safi, kama mtoto anayesoma kitabu mbele ya darasa. Usiku mliolala hapa nililia kwa furaha kama mjinga. Mlipoondoka nikangoja. Kesho yake asubuhi alikuja mezani akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu." Nilidhani anatania. Leo ni wiki ya nne. Si mama, si mama mdogo. Ananisalimia, anakula, anaosha chombo chake, anafanya kazi ya shule. Nikimwuliza kitu ananijibu kwa heshima, kisha anasubiri niondoke.

Gauni muulize yeye. Amekuandikia barua, anasema lazima akuletee matokeo ya jaribio. Sijaisoma. Nilimwomba, akaniambia matokeo hupewa mtumiaji kwanza, na hiyo kanuni nilimfundisha mimi.

Usipomwambia mumeo, nitamwandikia mimi. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kila mara naona kwamba sitafanya, kwa sababu ukimchukua mtoto nitabaki na nini? Basi tujue hivyo, mimi na wewe. Tumefanana.

Mdogo wako


12 Septemba

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Ahsante kwa gauni. Ni la mtoto wa miaka sita, kwa hiyo nimempa binti wa jirani, limemkaa vizuri.

Ninakuletea ripoti ya jaribio la tarehe kumi na sita Agosti. Samahani imechelewa.

Kazi: Msaidizi wa Mama. Mahali: meza ya kwanza, mlangoni. Watumiaji: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja. Mbunifu alikaa kwenye kiti cha pembeni na hakusema kitu, kama inavyotakiwa.

Saa nne na dakika kumi mwanamume alibonyeza. Alisoma kwa sauti, akacheka. Alibonyeza tena mara sita. Alifahamu kitufe bila kuelekezwa, hilo ni jambo zuri. Mwanamke alikuwa nyuma yake na hakuangalia skrini. Alikuwa anaangalia mlango.

Mwanamume alimwambia, "Njoo nawe ubonyeze." Mwanamke alibonyeza mara moja. Programu ilisema bibi hali yake imekuwa mbaya tena.

Mwanamume aliniuliza, "Hebu niambie, huyu mama ni nani?" Sikujibu kwa sababu mbunifu hajibu. Nadhani kanuni hiyo ina kasoro, nimemwambia Mwalimu. Mwanamume akageuka akamwuliza mwanamke, "Wewe unamjua?"

Hapo nilisubiri. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

Mwanamke akasema, "Nitamjulia wapi? Mama gani anaweza kumfanyia mwanawe hivyo?"

Mwanamume akasema, "Kweli." Wakaenda meza ya pili, ya yule anayemtafutia babu yake miwani. Hapo mwanamke alicheka na kupiga makofi, na alimwambia mbunifu huyo kwamba mama yake lazima anajivunia sana.

Matokeo: kitu kinafanya kazi, lakini hakihitajiki. Nilikosea mwanzoni nilipoandika shida ya mtumiaji. Niliandika kwamba anapata tabu kutafuta sababu. Sababu hazimpi tabu, anazo nyingi. Tabu yake ilikuwa kwamba kuna mtu anamwuliza atakuja lini. Nimelirekebisha hilo. Hakuna tena anayemwuliza, na Jumanne asijisumbue kupanda ngazi.

Nimeifuta programu na nakala zake. Mwalimu alikuwa ameficha moja, nayo nimeifuta.

Nisalimie mtoto wako.

Ni mimi,
mtoto wa mdogo wako